Mwanzi Uliotaka Leseni ya Mpima

Nyinyi mnaosomea upimaji wa ardhi, na wenzenu mnaosomea uhandisi, karibuni. Mjukuu wangu Neema, ambaye naye yuko huko huko chuoni, ameniambia niandike kwa sababu nikisimulia kwa mdomo huwa nacheka kabla sijafika kwenye kichekesho, na wageni wanabaki wananitazama tu. Kwenye karatasi, anasema, nicheke ninavyotaka, nyinyi hamtasikia.

Naitwa Atuganile. Darasa langu ni la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa. Hesabu za pembe msiniulize. Lakini majina ya watu ninayo yote, hata ya wale waliopita kambini kuomba maji wakaenda zao. Miaka yangu ya kazi nilikuwa mpishi wa kambi ya upimaji na mfyatuaji wa bikoni. Bikoni ni lile jiwe la zege linalofukiwa kwenye kona ya kiwanja au shamba, kichwa kimechomoza na namba yake, kuonyesha kwamba hapa ndipo mpaka unapokunja. Watoto wa Uyole walikuwa wananiita Mama Bikoni, na mimi nilikuwa naitika.

Niseme la bikoni kwanza, maana mkiwa wakubwa mtatuma watu wafyatue nanyi hamtajua kama wamewaibia saruji. Zege la bikoni halitaki maji mengi. Ukilishika kwenye kiganja ukafumba, likabaki na alama za vidole, hapo ndipo. Likichuruzika, hiyo ni uji, mpe mtoto. Ile nondo ya katikati isimame wima, na namba iandikwe kabla halijashika. Halafu ulifunike kwa nyasi, umwagie maji asubuhi na jioni, kwa subira ileile unayolelea kifaranga. Bikoni iliyokaushwa kwa jua inapasuka hata ng'ombe akiitazama vibaya.

Mpima wetu aliitwa Yohana Mgaya, Mbena, mrefu, shingo ya korongo. Akiinama kwenye darubini ya miguu mitatu ungedhani anakunywa maji. Vijijini ile darubini watu waliiita kamera. Tukiisimamisha tu, kina mama wanakimbia ndani kubadilisha vitenge, wazee wanavaa koti, wanajipanga kwa urefu. Mpima Mgaya alishachoka kueleza. Alikuwa anawaacha wasimame, anawaambia "Asanteni, mmetoka vizuri," kisha anaomba wapishe.

Mshika fimbo aliitwa Daudi Kikoti, Mhehe wa Kilolo, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo. Kazi yake ilikuwa kwenda mbali na ile fimbo ya rangi nyekundu na nyeupe, aisimamishe wima, ili Mpima aitazame kwa darubini. Siku moja tukiwa Nyololo, ukungu ukiwa umeshuka mpaka huoni mkono wako, Mpima akaona wekundu na weupe kwa mbali akaanza kuamrisha kwa sauti: "Kushoto! Kushoto kidogo! Rudi nyuma! Hapo hapo, usitikisike!" Akasubiri ukungu upungue aone vizuri. Ulipopungua, kumbe ni mama mmoja, jina lake Mama Sifa, kavaa kanga nyekundu na nyeupe, kabeba kuni kichwani, kasimama kama mlingoti, machozi yanamtoka. Alidhani ni polisi. Kikoti naye alikuwa kwangu jikoni, anachovya kiazi kwenye chumvi. Mpaka leo nikimwona Mama Sifa tunasalimiana kwa kusema "Usitikisike!"

Sasa leseni. Hili ndilo ninalotaka mlielewe, na mnivumilie nilieleze kwa kijikoni.

Mpima mwenye leseni si mtu wa kujitangaza tu kama muuza dawa ya panya. Amesoma, amefanya kazi chini ya aliyemtangulia, amehojiwa, jina lake limesajiliwa, na juu yake kuna baraza linalomtazama. Akishaweka sahihi kwenye ramani, ile sahihi ni shingo yake. Mwenye shamba akiona amepimwa ovyo anapeleka malalamiko, baraza linachunguza, na likikuta ni kweli linaweza kumfuta. Siku hiyo anageuka mtu wa kawaida mwenye kofia nzuri.

Wahandisi nao wana bodi yao, wanakula kiapo, wana mhuri. Uyole tuliwahi kukaa jirani na mhandisi mmoja, Ambakisye Mwaisaka. Shemeji yake, Lugano, alitaka kujenga ghorofa, akaja na mchoro aliochorewa na fundi wake.

"Shemeji, wewe gonga mhuri tu, mengine tutayamaliza huko huko."

"Nguzo ziko wapi, shemeji?"

"Nguzo zipo. Hazijachorwa tu."

Ambakisye akakunja mchoro akamrudishia. Ukoo mzima wa mkewe ukamnunia. Krismasi ile alikula wali na mhuri wake, wawili peke yao mezani. Lugano akaishia kujenga nyumba ya chini, nzuri tu, na siku hizi anawaambia wageni kwamba yeye tangu utotoni hapendi ngazi.

Halafu kuna vishoka. Kishoka ni yule anayefanya kazi ya wenye leseni naye hana. Mmoja aliingia Uyole na koti la kung'aa la wajenzi na simu kubwa, anazunguka mashamba ya watu anasema simu yake inapima. Kikoti akamwendea: "Kamwene, kaka. Leseni ya kazi unayo?" Yule bwana akatoa leseni kwa madaha. Ilikuwa ya kuendeshea pikipiki. Kikoti akaikagua mbele na nyuma, akamrudishia, akamwambia, "Basi tupeleke sokoni."

Haya. Nimezunguka makusudi ili chai ichemke. Sasa niwaambie siku ambayo leseni ya Mpima Mgaya, ambayo ndiyo ilikuwa inatulisha sisi sote, ilining'inia kwenye mwanzi.

Kilolo, kule milimani Iringa, watu wanapanda mwanzi wa ulanzi penye mipaka ya mashamba. Kama huujui ulanzi, ni pombe inayotoka kwenye mwanzi wenyewe. Masika chipukizi likichomoza, unalikata ncha, unatundika mbeta, ile bomba ya mwanzi ya kukingia, na asubuhi na jioni unalikata tena kidogo, nalo linadondosha. Mwanzi wa mpakani unakuwa wa majirani wote wawili. Wa upande huu anagema chipukizi za upande huu, wa upande ule za upande ule. Hakuna aliyeandika popote, lakini ukikosea upande utasikia jina la bibi yako likitajwa.

Kichaka kimoja cha namna hiyo kilikuwa kati ya Mzee Festo Nyenza na Mama Eliza Kihwele. Mzee Nyenza alikuwa mtu mfupi, mcheshi, mgema hodari, na mnywaji hodari kuliko alivyokuwa mgema. Mama Eliza alikuwa mjane, mzee wa usharika, Mlutheri wa kunyooka. Ulanzi hakuugusa hata kwa kijiti. Walikuwa majirani wazuri kabisa.

Tulipokwenda kuwapimia, Mpima aliwaita wote wawili, na mwenyekiti wa kitongoji akiwepo, akauliza, "Mpaka wenu uko wapi?"

"Mwanzini," wakasema pamoja.

"Mwanzini wapi? Kichaka hiki ni kinene kuliko nyumba yangu."

"Katikati," wakasema tena, kama kwaya.

Basi Kikoti akaingia na panga, siafu wakamla, akatoa njia mpaka katikati kabisa, tukafukia bikoni yangu pale ndani kama yai kwenye kiota. Majirani wakaridhika, wakatia sahihi, Mama Eliza akachinja jogoo, Mzee Nyenza akaleta ulanzi mtamu wa asubuhi, ule usiolewesha, hata Mpima akaonja. Tukaondoka tukiimba.

Miaka ikapita. Tulikuwa Iringa mjini, mimi niko kwenye boksi zangu za mbao nafyatua bikoni, Mpima akatoka ofisini na uso wa mtu aliyemeza mfupa.

"Mama Atu," akaniambia, "nimeshtakiwa barazani."

"Na nani?"

"Mzee Nyenza wa Kilolo. Anasema baada ya kutia sahihi nilirudi kinyemela nikaihamisha bikoni, nikampunja shamba nikampa jirani."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kuhamisha bikoni ni kosa kwa mtu yeyote, lakini kwa mpima ni kama padri kuiba sadaka. Wakikuta ni kweli, leseni imekwenda, na kazi zote tulizokwisha pokea zimekwenda nayo. Siku zile alikuwa anatia chumvi kwenye chai na kuinywa yote. Kofia yake ilikuwa haikai kichwani wala haikai mezani, inazunguka tu mikononi. Kikoti ndiye aliyekuwa anajaribu kumchangamsha: "Mpima, wakikufuta, tutafungua mgahawa. Mama Atu anapika, mimi naonja, wewe na shingo hiyo unaita wateja." Haikusaidia.

Baraza likamtuma mkaguzi, mpima wa siku nyingi, jina lake Mama Tumaini Chengula. Mfupi, viatu vya mpira mpaka magotini, hacheki, wala hatazami juu mpaka akutane na kitu kinachostahili kutazamwa. Alituambia tufike Kilolo siku fulani, tusimame pembeni. Mpima Mgaya asiguse chombo, asiongee na wanakijiji, ajibu akiulizwa. Mimi nilikwenda na sufuria zangu, maana hata mshtakiwa anakula.

Tulipofika kwenye lile shamba, moyo wangu ulishuka mpaka kwenye kandambili.

Bikoni yangu ilikuwa imesimama peke yake kwenye majani, mahali peupe, inaota jua. Kichaka cha mwanzi kilikuwa kule, hatua nyingi kutoka pale, ndani kabisa ya upande wa Mama Eliza, kinapepea kana kwamba hatujuani. Na wote tulikumbuka tuliifukia katikati ya mwanzi. Nikamtazama Mpima. Alikuwa anaitazama bikoni kama mtu aliyemkuta mkewe anaolewa na mtu mwingine.

Kikoti akaninong'oneza, "Mama Atu, hii kitu imetembea."

"Bikoni haina miguu, Daudi."

"Uliifyatua siku gani? Isije ikawa Jumapili."

Kijiji kizima kilikuwa kimekuja. Mama Chengula akakaa kwenye kigoda, akamwambia Mzee Nyenza aseme lake. Mzee akasimama, akavua kofia, akaanza vizuri kama wakili.

"Mama Mkaguzi, mimi sina ugomvi na Mpima. Ni mtu mzuri, alikunywa ulanzi wangu. Lakini tulipatana mpaka ni mwanzi. Jiwe likawekwa kwenye mwanzi. Leo mwanzi uko kule, jiwe liko hapa. Mwanzi ni mti. Mti una mizizi. Mti hautembei. Kwa hiyo kilichotembea ni jiwe, na jiwe nalo haliendi lenyewe, linapelekwa. Na anayejua kupeleka mawe ni mpima. Shamba langu linatakiwa lifike pale kwenye mwanzi."

Watu wakapiga makofi. Hata mimi, Mungu anisamehe, mikono ilitaka kupiga. Mzee mmoja aitwaye Alatubone akaongeza kwamba yeye mwenyewe amewahi kuiona bikoni ikienda, jioni, taratibu, kuelekea mtoni. Mama Chengula akamuuliza siku hiyo alikuwa ametokea wapi. Akasema ametokea kwa Nyenza. Akaambiwa akae.

Mama Eliza alipoulizwa alisema kwa upole, "Mimi nalima viazi mpaka kwenye jiwe, kama nilivyoambiwa. Mwanzi umenifuata wenyewe. Mimi sikuuita."

"Mwanzi umemfuata!" Mzee Nyenza akadakia. "Mmesikia? Sasa mwanzi ni mbwa!"

Mama Chengula aliinuka, akasimamisha chombo chake, kile cha siku hizi kinachoongea na satelaiti, akaenda kwenye bikoni nyingine za mbali, moja baada ya nyingine, akatazama, akabonyeza, akarudi kwenye yetu. Sisi tumekaa. Mpima anazungusha kofia. Nilimwona midomo inacheza, nikajua anasali, na si mtu wa kusali mchana. Mwisho Mama Chengula akasema, "Bikoni iko palepale ilipo kwenye ramani."

Mpima akashusha pumzi. Mapema mno.

"Chombo hicho ni cha nani?" Mzee Nyenza akauliza.

"Cha baraza la wapima."

"Haya. Nyama yangu ikipotea, nimwulize mbwa ninayemshuku, au mjomba wa huyo mbwa?"

Kijiji kikalipuka. Na ndiyo ilivyo, wanangu, chombo chako kinaweza kuwa sahihi kuliko saa ya kanisa, lakini kama mwenye shamba hakiamini, umepima upepo. Mama Chengula alijua hivyo. Alikaa tena kwenye kigoda, akafikiri. Maana baraza halitaki tu namba. Malalamiko yanasema mti hautembei, na kweli mti ulikuwa umehama, na yeye lazima arudi na jibu la kwa nini. Kama hakuna jibu, shaka inabaki, na shaka kwenye jina la mpima ni kama moshi kwenye maziwa, haitoki.

"Mzee Nyenza," akasema, "nikumbushe tena. Una hakika mwanzi hautembei?"

"Mama! Tangu lini?"

Hapo ndipo alipofika Mama Semeni, mke wa Mzee Nyenza, na ndoo ya togwa kwa ajili ya wageni. Alikuwa amesikia hilo la mwisho tu. Akaitua ndoo chini, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa. Akajaribu kusimama, akakaa tena.

"Mama Semeni, kuna wageni," mumewe akamwambia huku ameuma meno.

"Hautembei? Festo, hautembei? Na wewe si ndiye uliyeukimbiza!"

"Mimi nimekimbiza nini?"

Mama Semeni akamgeukia Mama Chengula. "Mama yangu, karibu sana Kilolo. Huyu mume wangu, kila masika, kila chipukizi linalochomoza upande wetu, halilali bila kukatwa. Nilimwambia, Festo, acha mengine yakue, mwanzi nao unataka watoto. Aliacha hata moja? Chipukizi ukiligema linaoza, haliwi mwanzi. Mashina ya zamani yakafa kwa uzee, mimi nikayapikia. Upande wa Mama Eliza hakuna anayegema, yeye na pombe ni mbali. Kule yanachipua yanakua, yanachipua yanakua. Sasa kichaka kinachokufa huku na kuzaa kule, kinakwenda wapi?"

Akamgeukia mumewe.

"Umekunywa mpaka, mume wangu," Mama Semeni akasema, kwa huruma kabisa. "Umeunywa kuanzia huku, ndiyo ukavuka."

Mama Chengula akamtazama Kikoti. "Wewe, sururu." Kikoti akaanza kuchimba kuzunguka bikoni, mbali kidogo asiiguse. Sururu haikwenda chini sana ikagonga shina la mwanzi lililooza. Akasogea, jingine. Akasogea upande wa pili, jingine, mizizi imefumana kama kikapu. Bikoni yangu ilikuwa imezungukwa na makaburi ya mwanzi pande zote, iko katikati, palepale tulipoifukia.

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Mzee Alatubone alicheka mpaka akapaliwa, wakampiga mgongoni. Na Mzee Nyenza, niwaambie ukweli, alikuwa amepiga magoti anayashika yale mashina moja moja, uso wake umeshangaa kweli. Hakuwa mwongo. Yeye aliamini. Mtu akigema kidogo kidogo haoni kama anahamisha kitu.

Mpima Mgaya akaivaa kofia yake. Mama Chengula akamwona.

"Bado, Bwana Mgaya, usivae. Bikoni yako iko mahali pake, na nitasema hivyo barazani. Leseni yako haina neno. Lakini nikuulize. Siku ile, uliwaambia hawa kwamba kuanzia leo mpaka si mwanzi tena, mpaka ni bikoni?"

Mpima akameza mate. Ile shingo ndefu, uliyaona yakishuka. "Niliwaonyesha bikoni."

"Kuonyesha siyo kueleza. Umewawekea bikoni ndani ya mwanzi, ukawaacha wauamini mwanzi. Mtaalamu mzima, unaacha mpaka wa watu kwenye kitu kinachonyweka?" Nadhani hapo alitaka kucheka, lakini alikohoa. "Waeleze sasa. Wote. Mpaka yule wa mwisho aelewe."

Basi Mpima akaeleza. Sijawahi kumsikia akieleza vizuri vile, maana alikuwa anaongea kwa furaha ya mtu aliyetoka hospitali. Akawaambia mpaka ni mstari ulionyooka kutoka bikoni hii mpaka bikoni ile. Akavuta kamba, watoto wakapita juu yake wakiruka. Akasema mwanzi ufe, uote, uende Mbeya, urudi, mpaka haubadiliki. Kila kilicho huku ni cha Mzee Nyenza, kila kilicho kule ni cha Mama Eliza.

Niliona vichwa vikigeuka. Kwanza kimoja, halafu viwili, halafu kijiji kizima kikawa kinatazama kule mwanzi uliko. Wa mwisho kugeuka alikuwa Mzee Nyenza.

"Mpima," akasema polepole. "Kwa hiyo ule mwanzi..."

"Ni wa Mama Eliza."

"Nusu yake."

"Wote, mzee. Uko kwake."

Mzee akakaa chini. Halafu akainuka akamwendea Mama Chengula, kofia mkononi, sauti imekuwa laini kama ya muuza asali.

"Mama Mkaguzi, nimefikiri. Haya malalamiko yangu tusiyatupe haraka hivi. Naona Mpima alikosea kidogo. Mfutieni leseni kidogo tu. Hata nusu."

"Leseni haina nusu, mzee."

"Basi mnyang'anyeni mpaka masika. Aisogeze bikoni kwanza, halafu mumrudishie."

"Mzee Nyenza," Mpima akasema, "si asubuhi hii umenishtaki kwamba nimesogeza bikoni? Sasa unaniomba niisogeze?"

"Asubuhi sikuwa na habari kamili, mwanangu."

"Siwezi. Hata nikikuonea huruma, na ninakuonea. Nikiisogeza leo hata upana wa kidole, yote uliyonisema yanakuwa kweli."

Mzee akamtazama, akatikisa kichwa, akasema neno ambalo mimi sikulisahau: "Kumbe hiyo leseni inakufunga wewe zaidi kuliko sisi."

"Ndiyo kazi yake," akasema Mama Chengula, na akanywa togwa kwa mara ya kwanza tangu afike.

Macho yote yakaenda kwa Mama Eliza. Fikirieni, mzee wa usharika, mjane wa heshima, amepewa na sheria kichaka kizima cha pombe mbele ya watu. Akakitazama kama mtu aliyeachiwa nguruwe mlangoni. "Nitaukata," akasema. Kijiji kikaguna kwa uchungu, hata mwinjilisti aliguna, nilimwona, anaitwa Mwinjilisti Lukelo.

"Mama Eliza," Mzee Nyenza akasema, na sasa hakuwa anatania, "tumekaa majirani tangu mumeo yupo. Yule mwanzi aliupanda baba yangu na baba mkwe wako, siku moja, wote wawili wameshika jembe. Ukate kama unataka. Mimi sitasema kitu."

Upepo ukaupepesa mwanzi. Halafu Mama Eliza akasema, "Hautakatwa. Unashika udongo wangu usiende korongoni. Lakini kugema, utagema kwa sheria yangu. Kila unapokata chipukizi, uache na jingine likue. Jumapili hakuna. Na kabla hujaja kwangu, unasimama hapa kwenye jiwe, upande wako, unapiga hodi. Nisipoitika unarudi nyumbani."

"Hata kama niko na mbeta tayari?"

"Hata kama uko na bibi harusi."

Tukala. Nilipika viazi vya Mama Eliza na maharage, Mpima alikula kama mtu aliyefunga Kwaresima mbili mfululizo. Aliendelea na kazi mpaka kustaafu, na kila alipofukia bikoni baada ya siku ile aliwakusanya watu akawachosha kwa maelezo. Nanyi muwachoshe. Afadhali mwenye shamba apige miayo leo kuliko akufikishe barazani kesho.

Mwaka jana nilikwenda Kilolo kwa Kikoti, ambaye meno yamepungua lakini mdomo bado. Tukapita kule shambani. Majani yote kuzunguka bikoni yamepaliliwa. Imepakwa chokaa, nyeupe inang'aa, na imejengewa kijiuzio cha miti ili mbuzi wasijikune. Nikauliza nani anafanya kazi nzuri hivi, Kikoti akaniziba mdomo kwa mkono, akanielekeza nitazame.

Mzee Nyenza alikuwa anakuja na mbeta begani. Alipofika kwenye bikoni akasimama, akajipangusa, akavua kofia.

"Hodi!"

Kutoka kwenye viazi, sauti ya Mama Eliza: "Nani?"

"Festo!"

"Umesimama wapi?"

"Nyuma ya jiwe, mama!"

"Na vidole vya miguu?"

Mzee akainama akatazama, akakirudisha kimoja nyuma.

"Na vidole!"

"Haya, pita."